Bodi tupu ni afadhali kuliko bodi mbovu: butiloda inavyowekwa na inavyofufuliwa

Hakuna anayewasha gogo kwa njiti ya kibiriti. Njiti huwasha majani makavu, majani huwasha vijiti, vijiti huwasha kuni, na gogo hushika mwisho kabisa. Bodi ya kompyuta, ile ndogo isiyo na kasha inayolala mezani ikiwa na waya kila upande, nayo huwaka hivyohivyo. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndiyo gogo. Butiloda ni vile vijiti na kuni za katikati: programu ndogo inayoiandaa bodi, inaipakia keneli kwenye memori, kisha inaiachia kazi. Na kibiriti? Hicho wengi hawajui kwamba wanacho, ndiyo maana bodi iliyo hai hutangazwa imekufa na kutupwa kwenye droo.

Kibiriti chenyewe ni kipande cha programu kilichochongwa kiwandani ndani ya chipu kuu, kwenye ROM. Hakifutiki, hakiandikwi upya, hata ufanye kosa gani. Umeme ukiingia, prosesa huanzia hapo. ROM hii haijui Linux ni nini, haijui skrini wala intaneti. Kazi yake ni kutafuta tu. Mara nyingi husoma hali ya pini kadhaa, zipi zina volti na zipi hazina, na kutokana na hali hiyo hujua ianze kutafuta wapi: chipu ndogo ya flashi ya SPI (hifadhi isiyopotea umeme ukikatika), eMMC, ile hifadhi kubwa iliyochomewa kwenye bodi, kadi ya SD, waya wa USB, au UART, laini ya kupitishia maandishi. Hufika mahali pa kwanza, husoma baiti chache, huangalia kama kuna alama inayoijua. Ikiiona, hupakia kilichopo na kurukia humo. Isipoiona, husonga mbele. Orodha ikiisha bila kupata kitu, chipu nyingi hutulia kwenye USB au UART na kusubiri mtu aje na programu kwa waya.

Hapa ndipo penye siri ya makala nzima, kwa hiyo tusipapite haraka. ROM hukagua alama. Haikagui kama programu inafanya kazi. Bodi ambayo flashi yake ni tupu itakosa alama, itakosa tena, itakosa tena, hadi ifike kwenye USB, na hapo unaipata kirahisi. Lakini bodi yenye butiloda mbovu iliyovaa alama sahihi ni balaa la aina nyingine: ROM inaona alama, inaridhika, inaruka ndani, na inapotelea humo. Hairudi tena kuendelea na orodha. Unaweza kuwa na kadi nzima ya SD yenye mfumo mzuri ajabu, imekaa pale pale kwenye tundu lake, na isiguswe kamwe kwa sababu eMMC ilitangulia kwenye foleni.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anafufua bodi, mara nyingi hana uganga wowote anaofanya. Anatafuta namna ya kuifanya ROM ikikose kile kibovu.

Kwa nini butiloda huja vipande viwili

Mgeni akifungua folda ya butiloda hukuta mafaili mawili au matatu, akajiuliza moja si lingetosha. Sababu ni memori. Ile DRAM kubwa iliyo kwenye bodi, ya megabaiti 512 au gigabaiti 4, haifanyi kazi kwa kupewa umeme peke yake. Ni lazima iwekewe vipimo vyake: kasi, muda wa kusubiri kati ya hatua na hatua, upana wa njia ya data. ROM haiwezi kuvijua, kwa kuwa mwenye chipu hakujua mtengenezaji wa bodi atanunua DRAM gani. Kwa hiyo mwanzoni kuna memori ndogo tu iliyo ndani ya chipu yenyewe. Kwenye AM335x, ukoo wa chipu inayotumika kwenye BeagleBone Black, programu inayopakiwa na ROM haitakiwi kuzidi kilobaiti 109. U-Boot kamili, butiloda inayotumika kwenye bodi nyingi za aina hii, inazidi hapo mara kadhaa.

Ndipo ikabuniwa SPL, butiloda kabla ya butiloda. Hii ni ndogo, inaenea kwenye memori ya ndani, na kazi yake kubwa ni moja: kuiamsha DRAM. Ikishaamka, SPL inaipakia U-Boot kamili humo. Kwenye chipu za Texas Instruments faili la SPL huitwa MLO. Kwenye Rockchip utakuta idbloader.img pamoja na u-boot.itb. Kwa Allwinner vipande vyote hugandishwa kuwa faili moja, u-boot-sunxi-with-spl.bin, na pengine ndiyo maana watumiaji wa Allwinner hulalamika kidogo kuliko wengine. Kwenye ARM za biti 64 kuna mgeni mwingine hukaa katikati, TF-A, programu ndogo ya usalama, ambaye hubaki kwenye memori hata baada ya Linux kuwaka. Usipomjumuisha wakati wa kujenga, safari huishia njiani.

Kumbuka basi kwamba SPL ndiyo iliyobeba vipimo vya DRAM. Bodi mbili zenye chipu moja na sura moja, lakini zenye DRAM tofauti, zinaweza kukataana. Faili la jirani yako litaingia, litakubaliwa na ROM, litaandika mstari mmoja, kisha kimya.

U-Boot yenyewe ina historia ndefu. Ilianza kama 8xxROM, kazi ya Magnus Damm kwa ajili ya chipu za PowerPC. Wolfgang Denk akaiendeleza kwa jina la PPCBoot, na mwaka 2002, ilipokuwa imeanza kuhudumia koo nyingine za chipu, ikaitwa U-Boot. Kwa Kijerumani neno hilo ni nyambizi. Limefaa: hufanya kazi chini ya maji, na watu huikumbuka siku inapokataa kuibuka.

Mahali pa kuandika ni sehemu ya butiloda

Mtu aliyezoea kunakili mafaili kwenye kadi hushangaa hapa. Butiloda nyingi hazikai kwenye folda. Hukaa mahali pasipo na jina, baiti kadhaa kutoka mwanzo wa kadi, kwa sababu ROM huhesabu umbali tu. Chipu za Allwinner hutafuta kwenye kilobaiti ya 8. Rockchip huanza sekta ya 64, yaani kilobaiti ya 32, na SPL yake huitafuta U-Boot kwenye sekta ya 16384, ambayo ni megabaiti ya 8. Kwa chipu za i.MX za NXP, i.MX6 ni kilobaiti 1, i.MX 8M Mini ni kilobaiti 33; i.MX 8M Plus ni 32. Ndiyo, 33 na 32, kwenye chipu za ukoo mmoja. Usinakili amri ya bodi nyingine kwa kuwa majina yamefanana.

ROM ya AM335x hujua kusoma FAT, mpangilio wa mafaili wa kawaida kwenye kadi, kwa hiyo inatosha faili la MLO liwe kwenye sehemu ya kwanza ya kadi iliyowekewa alama ya kuwashia. Ukitaka kuandika bila mafaili, ROM hiyo hutafuta kwenye mwanzo kabisa, kisha kilobaiti ya 128, ya 256 na ya 384. Sehemu nne, nakala nne. Wa kwanza akikosa alama, wa pili hujaribiwa.

Amri ya kuandikia kwenye kadi kwa Allwinner ni hii:

`sudo dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1024 seek=8 conv=fsync`

Mtego uko kwenye bs na seek. Namba ya seek huhesabiwa kwa vipimo vya bs. Ukiisahau bs, dd itachukua baiti 512, na seek=8 itakupeleka kilobaiti ya 4, ambako ROM haiangalii kabisa. Amri itakwisha bila kulalamika, na bodi itabaki kimya. Hiyo conv=fsync nayo si pambo: huhakikisha data imefika kwenye kadi kweli kabla hujaichomoa. Na herufi iliyo mwisho wa /dev/sdX, iangalie kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kabla ya kubonyeza, kila mara, hata kama umeiandika dakika tano zilizopita. Amri ya dd haina huruma wala swali la "una uhakika?". Ukiipa diski ya kompyuta yako, itaandika butiloda ya bodi juu yake kwa utiifu uleule.

Kuna ugomvi mwingine usioonekana. Jedwali la GPT, linaloorodhesha sehemu za diski, hukalia karibu kilobaiti 17 za mwanzo. Kilobaiti ya 8 imo ndani ya eneo hilo. Ukiweka butiloda ya Allwinner kwenye kadi yenye GPT, moja itaikanyaga nyingine. Ndiyo maana kadi za bodi hizo kwa kawaida hutumia jedwali la zamani la MBR, linaloenea kwenye sekta ya kwanza peke yake. Kwa Rockchip shida ni ya upande wa pili: sehemu ya kwanza ya diski ikianzia megabaiti ya 1, kama programu nyingi zinavyopenda, ile U-Boot ya megabaiti ya 8 itaandikwa katikati ya mafaili yako. Anzisha sehemu ya kwanza kwenye megabaiti ya 16 na mambo yatatulia.

eMMC ina fumbo lake. Mbali na eneo kuu, ina vyumba viwili vidogo, boot0 na boot1, na swichi ya ndani inayosema ROM isome chumba kipi. Linux huvifunga visiandikwe. Hufunguliwa kwa kuandika 0 kwenye /sys/block/mmcblk0boot0/force_ro. Mtu huandika butiloda mpya kwenye eneo kuu, anawasha, na bodi inaendelea na toleo la zamani kama kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu swichi bado inaelekeza boot0. Dawa ni kusoma mstari wa kwanza wa U-Boot inapowaka: huandika toleo na tarehe ilipojengwa. Kama tarehe ni ya zamani, hujaweka kitu, umeandika tu. Lakini vyumba viwili ni neema vilevile. Acha butiloda inayofanya kazi boot0, andika mpya boot1, geuza swichi kwa amri ya mmc bootpart enable, ijaribu. Ikikataa, mzima bado yupo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ijaribu kabla hujaiandika

Kama ningeruhusiwa kuacha ushauri mmoja tu, ni huu: butiloda mpya iwashe kwenye memori kwanza, bila kugusa flashi. Karibu kila ukoo wa chipu unaruhusu. Kwa Allwinner, bodi ikiwa kwenye hali ya FEL (ROM inasubiri programu kwa USB) na waya wa USB umechomekwa, amri moja inatosha:

`sunxi-fel uboot u-boot-sunxi-with-spl.bin`

SPL inaingizwa kwenye memori ya ndani, inaiamsha DRAM, U-Boot inafuata. Hakuna baiti hata moja iliyoandikwa. Ikikwama, unachomoa umeme na bodi inarudi ilivyokuwa. Kwa i.MX kazi hiyohiyo hufanywa na programu ya uuu. AM335x hupokea SPL kwa UART kwa njia ya XMODEM, mtindo wa zamani wa kutuma faili kwa waya, taratibu, lakini inafika.

Na kabla ya kuandika, weka akiba. Megabaiti 16 za mwanzo za eMMC ni dakika moja ya kazi:

`sudo dd if=/dev/mmcblk0 of=akiba.bin bs=1M count=16`

Vyumba vya boot0 na boot1 vinakiliwe peke yake, kwa kuwa havimo ndani ya hizo 16. Akiba iwekwe kwenye kompyuta, si kwenye bodi. Ningeona aibu kuliandika hili kama sijawahi kuitafuta akiba yangu ndani ya bodi isiyowaka.

UART, macho ya kuonea

Bila laini ya UART unafanya kazi gizani. Skrini huamka baadaye sana, na butiloda nyingi hazijui kuitumia. UART ni waya tatu: ardhi, TX ya kutuma na RX ya kupokea, zinazofika kwenye kompyuta kupitia adapta ya USB. TX ya bodi huenda RX ya adapta, na kinyume chake. Zikikaa sambamba hutaona kitu. Waya wa nne, ule wa volti, uache ukining'inia, bodi ina umeme wake. Kiwango cha volti ndicho hatari ya kweli: bodi nyingi hutaka volti 3.3, baadhi 1.8, na adapta ya volti 5 inaweza kuichoma pini. Adapta za RS-232 za zamani zina volti kubwa zaidi na hasi pia, usizikaribishe. Kasi ya kawaida ni 115200, ila Rockchip hupenda 1500000, na adapta za bei rahisi hazifiki huko. Herufi za ajabuajabu kwenye dirisha hazimaanishi bodi ni mbovu. Mara nyingi ni kasi hiyo.

Sasa soma kinachotoka. Kimya kabisa kinamaanisha ROM haijapata kitu, au SPL imekufa kabla haijaiandaa UART, au waya zako zimekosewa. Ukiona mfululizo wa CCCCCC ukitambaa kwenye dirisha kwa AM335x, furahi: hiyo ni ROM imemaliza orodha yake na inaomba faili kwa XMODEM. Bodi ni tupu, si mbovu. Mstari wa "U-Boot SPL" kisha kimya: DRAM imekataa, au SPL haikuiona U-Boot mahali ilipotarajia. U-Boot ikifika hadi "Hit any key to stop autoboot" ikihesabu sekunde, butiloda ni nzima na hakuna cha kufufua. Bonyeza kitufe chochote, uingie ndani, uangalie mipangilio kwa printenv. Onyo la "bad CRC, using default environment" mara ya kwanza halina ubaya, ni kwamba bado hujahifadhi mipangilio yoyote. Na ukiona "Starting kernel ..." kisha kimya, iache butiloda kabisa. Imeshafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye keneli, kwenye faili linaloieleza bodi kwa keneli, au keneli inaongea kwenye konsoli nyingine. Watu wengi wameandika upya butiloda nzima kwa kosa lililokuwa kwenye neno moja la console=.

Bodi inayojiwasha upya kila sekunde chache, mara hapa mara pale, ipe chanzo kingine cha umeme kabla hujaishuku programu.

Kuifanya ROM ikose

Tuseme imetokea. Butiloda mbovu iko kwenye flashi na inatangulia kwenye foleni. Njia ya kwanza ni kitufe au jampa ya kubadilisha foleni, kama bodi inayo. BeagleBone Black ina kitufe cha S2: bila kukibonyeza, ROM huanza na eMMC, kisha kadi ya SD, UART, USB, ukikishikilia, eMMC hutolewa kwenye orodha na foleni huwa SPI, kadi, USB, UART. Weka kadi yenye butiloda nzima, shikilia, washa, umepita. Lakini kuna sharti linalowaangusha wengi: hali ya pini husomwa umeme unapoingia, si unapobonyeza riseti. Ukishikilia S2 huku ukibonyeza riseti, foleni ya zamani inabaki. Ni lazima umeme ukatike kweli. Isitoshe, pini zilezile za kuchagulia foleni hutumika baadaye kama njia za data za skrini, kwa hiyo bodi ya nyongeza iliyopandikizwa juu inaweza kuzivuta na kubadilisha foleni bila wewe kujua. Ichomoe kwanza.

Nina bodi moja iliyonifundisha jambo hilo kwa ukali, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwenye eMMC butiloda ya toleo jingine la bodi ileile, lenye DRAM tofauti. Mstari mmoja wa SPL, kisha kimya, kama nilivyoeleza hapo juu. Nikaweka kadi nzima, nikashikilia kitufe, nikachomoa umeme, nikachomeka. Mstari uleule. Nikarudia mara kumi, nikabadilisha kadi, nikaanza kuamini kitufe kimekufa. Usiku ukiwa umekwenda nikazima taa ya chumba, nikaona kitu: taa ndogo ya bodi ilikuwa ikiwaka hafifu, na waya wa umeme ulikuwa mkononi mwangu. Adapta ya UART, kupitia pini ya RX, ilikuwa inaipenyezea bodi volti za kutosha kuizuia isizimike kabisa. Bodi haikuwahi kuzima, kwa hiyo ROM haikuwahi kusoma kitufe. Nikachomoa UART pia, nikahesabu hadi tano, nikashikilia kitufe, nikarudisha umeme kwanza ndipo UART. Kadi ikawaka.

Bodi isiyo na kitufe inahitaji ujanja. Kwenye RK3399, ROM huanza na flashi ya SPI, kisha eMMC, kisha kadi, na mwisho USB. Ukiharibu SPI, kadi haina nafasi. Dawa ni kuifumba SPI mdomo kwa sekunde chache: unaunganisha pini ya saa ya SPI na ardhi kwa waya, unawasha, ROM inasoma upuuzi, haioni alama, inasonga mbele. Kwenye ROCKPro64 pini hizo zimekaa jirani kwenye safu moja, namba 23 na 25. Mara bodi inapowaka kutoka kadi, ondoa waya, maana bila kuuondoa huwezi kuiandika SPI upya. Ukichomoa na kadi na eMMC, bodi itaangukia USB, na kompyuta itaona kifaa chenye namba ya mtengenezaji 2207. Hapo rkdeveloptool hushika kazi: db kupeleka kipakiaji cha muda, kisha wl kuandika vile vipande viwili mahali pake.

Allwinner wametufanyia wepesi. ROM yao hutazama kadi ya SD kabla ya eMMC na SPI, kwa hiyo kadi nzima huokoa karibu kila kitu. Pia kuna picha ndogo sana ya kadi, fel-sdboot, ambayo kazi yake yote ni kuirudisha ROM kwenye hali ya FEL: kadi inayowasha bodi ili isiwake. Raspberry Pi 4 imefuata mawazo hayo kwa namna yake. Butiloda yake iko kwenye chipu ya EEPROM, lakini ROM hutafuta kwanza faili la recovery.bin kwenye kadi. Ukiliweka, EEPROM huandikwa upya, taa ya kijani hupepesa haraka na skrini huwa kijani yote. Mbuni akitaka kujua bodi ipangweje, ajibu swali hili: kitu kinachochomoleka kinatangulia kitu kilichochomewa? Kama ndiyo, wateja wake watalala usingizi.

Pale ambapo hakuna kitufe, hakuna pini ya kufikia, wala ROM yenye USB, unaifuata flashi yenyewe. Kibanio cha miguu minane huivaa chipu ya SPI ikiwa bado kwenye bodi, kifaa cha kuandikia chipu huunganishwa na kompyuta, na programu ya flashrom husoma na kuandika. Soma mara mbili na ulinganishe mafaili kabla ya kuandika; yakitofautiana, kibanio hakijakaa sawa. Zingatia pia volti ya chipu, kwani kuna za 1.8. JTAG, pini za kuchunguzia chipu kutoka nje, ni njia ya mwisho na yenye nguvu zaidi, ambapo programu ya OpenOCD humshika prosesa mkono na kumwekea programu kwenye memori, lakini inataka uvumilivu na waya nyingi, na sijaihitaji zaidi ya mara chache.

Wadogo wana sheria zao

Kwenye chipu ndogo zisizo na Linux mambo ni mepesi zaidi, isipokuwa pale yanapokuwa magumu kabisa. RP2040 iliyo kwenye Pico ina ROM ya kilobaiti 16 na kitufe cha BOOTSEL kilichounganishwa na pini ya kuichagua chipu ya flashi. ROM hukagua hata uzima: hupiga hesabu ya uhakiki kwenye baiti 256 za mwanzo, na isipolingana huenda USB yenyewe. Ni vigumu kuiua kwa programu. STM32 ina pini ya BOOT0, ESP32 ina pini ya GPIO0 inayoshushwa chini wakati wa kuwasha. ESP32 ya kwanza huweka butiloda kwenye anwani 0x1000, lakini ESP32-S3 na C3 ni 0x0, na hilo limepotezea watu mchana mzima.

Arduino Uno ndiyo inayovunja hadithi yangu ya kibiriti. ATmega328P haina ROM ya kuwashia. Butiloda yake, Optiboot, ni baiti 512 ndani ya flashi ileile ya kawaida. Ikifutika, waya wa USB hauna wa kuongea naye ndani ya chipu, na njia iliyobaki ni pini za ISP, za kuandikia chipu moja kwa moja, ambazo Arduino ya pili inaweza kuzihudumia kwa programu ya ArduinoISP. Kwa kawaida kuandika kwa ISP huanza kwa kufuta chipu nzima, kwa hiyo mtu akipakia programu yake kwa njia hiyo ameiondoa butiloda pia, bila kujua. Si uharibifu. Amri ya kuiandika tena butiloda inairudisha.

Kifo cha kweli kipo, nacho huja kwa fyuzi. Ni biti ndani ya chipu ambazo zikishachomwa hazirudi. STM32 iliyowekwa kwenye RDP, kinga ya kuzuia kusomwa, ya ngazi ya 2 imefunga mlango wa kuchunguzia na ule wa BOOT0 kwa pamoja, na kwenye chipu nyingi za ukoo huo ni milele. Chipu za i.MX zilizofungwa kwa saini hukataa butiloda yoyote isiyosainiwa na ufunguo wako, hata ile ya USB ya kufufulia. Ukipoteza ufunguo, ROM ipo, inatafuta, na kila inachoonyeshwa inakikataa. Kwa bahati nzuri i.MX ina hatua ya katikati: alama ya ufunguo imeshachomwa, lakini chipu bado haijafungwa, na ROM hukagua saini bila kuzuia chochote. Andika hab_status kwenye U-Boot ukiwa hapo. Ikijibu "No HAB Events Found!", jaribu na butiloda ya kufufulia kwa USB, uitazame nayo inajibu vivyo hivyo. Mpaka zote mbili ziseme hivyo, fyuzi ya kufunga usiiguse.